Meno ya Jiwe la Kusagia

Kamwene, akina mama. Bwana asifiwe. Wenye watoto wa kunyonya wanyonyesheni hapo hapo, msitoke nje, maana maneno yangu si marefu na sitaki mtu ayakute mkiani.

Kulikuwa na binti mmoja aliyeolewa kwenye nyumba yenye jiwe. Nikisema jiwe mnajua jiwe gani. Lile pana la kusagia ulezi. Mama mkwe wake alilirithi kwa mama mkwe wake, na huyo kwa wake, na hakuna tena aliyekumbuka nani alilitoa mtoni. Kila mwaka, Jumapili ya mavuno, mama yule alisaga ulezi mpya kwa mikono yake, akaweka unga kwenye ungo, akaupeleka madhabahuni kichwa juu. Mashine ya kusaga ilikuwepo pale sokoni, inanguruma tangu asubuhi. Yeye alisema, "Bwana wangu simpi unga wa foleni." Mnacheka? Alikuwa na maringo mama yule, na maringo yake yalikuwa ya halali.

Na binti naye alikuwa na lake. Alipenda kupiga picha vitu vinavyokwaruza. Si maua, si watu waliovaa vizuri. Gome la mti wa mwati, ganda la parachichi, ulimi wa ndama! Simu yake ya kawaida tu, kama hizo mlizofunga kwenye pindo za kanga. Alichokoa kijioo kidogo ndani ya deki ya sidii iliyokufa, akakibana kwa pini ya nywele, akakibandika kwa plasta ya kidonda juu ya jicho la kamera. Kopo la maziwa ya unga alilijaza mchanga, ndilo la kuegemeza simu isitikisike. Mfuniko wa sufuria aliuelekeza juani ili mwanga urudi ukipige kitu ubavuni. Halafu anasogea, anasogea, mpaka kati ya simu na kitu kinapita kidole tu. Anazuia pumzi. Anapiga. Na ukiitazama hiyo picha, jamani! Ganda la parachichi unaliona lina vilima na mabonde, unaanza kutafuta pa kupita.

Wifi yake alimcheka sana. "Wifi, wenzako wanapiga picha keki, wewe ulimi wa ng'ombe!"

"Keki kila mtu ameiona, wifi. Ulimi wa ndama umewahi kuutazama?"

"Naula. Siutazami."

Sasa mwaka huo usharika ukasema kila nyumba ilete picha ya kitu kilichoilisha, zitundikwe ukutani siku ya mavuno. Mama mkwe akamwita binti. "Nipigie jiwe langu. Nataka watu walione."

Moyo wa binti ukaruka. Ndoa yake ilikuwa changa, na katika nyumba ile mkwe hakabidhiwi jiwe mpaka mama aridhike naye. Yeye alikuwa akifagia pembeni yake tu, mkono haujaligusa. Leo anaambiwa alionyeshe kanisa zima!

Wifi akamvuta pembeni. "Utalipiga hivyo lilivyo? Lina matundu kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Watu watasema mama yetu tumemwachia jiwe bovu."

Maneno yale yakamwingia. Yeye, aliyependa vinavyokwaruza, ilipofika heshima ya nyumba akaogopa. Mama alikuwa amekwenda kumuuguza dada yake ng'ambo ya bonde, arudi Ijumaa. Na kanisani mafundi walikuwa wanasugua terazo ya sakafu kwa mashine. Binti na wifi yake wakalipakia jiwe kwenye toroli, wakalisukuma hadi kwa fundi.

"Dada, una hakika?" fundi akauliza.

"Lifanye lipendeze."

Mashine ikalia. Jiwe likatoka linang'aa kama sahani ya harusi.

Akalirudisha nyumbani, akaliweka juani. Akaweka kopo, akasogeza simu, akazuia pumzi, akapiga. Akatazama picha. Mnajua aliona nini? Aliona pua yake. Pua yake, na simu, na pini ya nywele. Jiwe halikuwemo! Akageuza mfuniko huku, akageuza kule, anapata uso wake tu.

Ijumaa mama akarudi. Akanawa mikono, akapiga magoti mbele ya jiwe, akamwaga ulezi, akasukuma jiwe dogo la mkononi. Ssss. Ulezi ukakimbilia pembeni. Akakusanya, akasukuma tena. Ssss. Punje zikaingia nzima, zikatoka nzima. Akapitisha kiganja juu ya jiwe, polepole, kama unavyompapasa mtoto mwenye homa.

"Nani amelitoa jiwe langu meno?"

Wifi akatazama paa. Binti akapiga magoti. "Ni mimi, mama. Nilitaka lipendeze. Niliyaonea aibu yale matundu."

"Aibu? Mwanangu, yale matundu niliyagonga mimi, kila msimu. Kabla yangu aliyagonga mama mkwe wangu. Wewe ulidhani jiwe linaumwa?"

Jumapili hiyo inakuja, unga hakuna. Binti anangoja kufungashiwa virago. Nyie mngemfanya nini? Semeni basi. Mama Tulalumba, mbona unatazama chini? Wewe ungemrudisha kwao usiku ule ule na kopo lake la mchanga kichwani!

Mama yule alilala na hasira yake. Kulipokucha akatoka na kijiwe kigumu cheusi, kama ngumi ya mtoto, akakaa mbele ya jiwe. Ko. Ko. Ko. Wakubwa wenzangu mnaikumbuka sauti hiyo. Mimi bado namsikia mama yangu akigonga, anatukemea tuliokaa karibu: "Geuzeni uso, kipande kitawaingia machoni!" Na sisi tunasogea zaidi.

Akagonga mpaka mkono ukachoka. Akamnyooshea binti kijiwe.

"Shika. Usigonge kwa hasira. Gonga kama unabisha hodi kwa mtu unayempenda."

Binti alijua kilichokuwa mkononi mwake. Machozi yakamtoka, akawa anagonga huku anafuta pua kwa bega. Wifi naye akaona aibu ya kusimama, akaleta maji, akawa anapangusa vumbi. Jioni, jua limeinama, mama akasema, "Haya, lete hilo kopo lako."

Binti akapiga. Mama akaiinamia simu muda mrefu.

"Yote haya yamo kwenye jiwe langu?"

"Yamo, mama."

"Hapa nimegonga mimi. Hapa ni wewe, yamelala upande mwingine. Kumbe unatumia kushoto." Akacheka. "Sasa jiwe limekujua."

Usiku ule mama akasaga unga wake, na picha ikakimbizwa kuchapishwa. Jumapili ikatundikwa, kubwa kama mlango. Watu wakaizunguka. Huyu anasema ni milima ya Livingstone ilivyo ukiwa kwenye ndege, yule anasema ni mwezi. Na wifi, yule yule wa ndui, akapaza sauti kuliko wote: "Ni jiwe la nyumbani kwetu! Na aliyepiga ni wifi yangu!" Mama akapita katikati yao na ungo wa unga, kichwa juu kuliko miaka yote. Binti akamfuata, ameshika kijiwe cheusi.

Haya. Wao wamefika salama. Tuje kwetu sisi.

Sisi tunaingia humu tumesuguliwa. Kanga mpya, mafuta usoni. Ukituuliza habari, "Salama, Bwana ni mwema." Aliyezika hasemi. Aliyekimbiwa na mume hasemi. Kila tulipogongwa tumepasugua, tunang'aa, na mtu mwenye shida akitusogelea anaona nini? Pua yake. Anajiona mwenyewe tu, peke yake na shida yake.

Mnamkumbuka dada aliyeingia Jumapili iliyopita, mwenye gauni la kijani, akakaa benchi la mwisho? Amezika mtoto ambaye hata jina alikuwa hajapewa. Tulipanga mstari tukampa mkono. "Pole, Mungu anajua." Ssss. "Pole, utapata mwingine." Ssss. Na humu ndani ni wangapi wamezika hivyo hivyo? Nawajua. Siwataji, lakini wengine nilikaa nao msibani. Nani alimwambia, "Dada, hata mimi, njoo nikuonyeshe niligongwa wapi"? Aliingia na mzigo wake mzima, akatoka nao mzima.

Sisemi Mungu anafurahia kutuumiza. Mmemsikia mama yule: aligonga kama anayebisha hodi. Nasema tu kwamba ulipogongwa ndipo penye meno, na mwenzako hana pengine pa kushikia. Mimi nimezika watoto wawili na mume, na nasimama mbele yenu najivunia kila tundu, kwa sababu kuna wanawake waliosagia machungu yao hapa kwangu wakaondoka na unga.

Yule dada anakaa nyuma ya ghala la pembejeo, nimeulizia. Tukitoka hapa nakwenda kwake. Sitaki mchango wala sare. Nataka mwenye matundu.

Anayeyaonea aibu abaki akaimbe kwaya. Mwingine, chukua kanga yako, twende.