Sare Zisizofungika Vifungo

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ukiisikia methali hii kwa haraka utadhani inahusu chakula tu, kwamba mgeni akifika chungu huongezwa kitu na watoto wa nyumbani nao hushiba. Lakini methali hii ina tumbo kubwa kuliko hilo. Mwenyeji hulizoea shimo la sebuleni kwake hata akawa analiruka bila kujua kwamba analiruka. Mgeni ndiye ajikwaaye, na akishajikwaa ndipo wenyeji hugutuka kwamba kumbe pana shimo. Tabu ni kwamba mgeni huyo huyo ndiye tunayemtazama kwa jicho la pembe, na akiaga tunahesabu vijiko.

Mama Cherehani alikuwa na karakana ya kushona sare, chumba kirefu chenye dirisha moja lililotazama barabara. Mlikuwa na vyerehani vitatu, harufu ya kitambaa kipya kilichopitiwa pasi, na meza ya kukatia iliyong'arishwa na viganja vya miaka mingi. Ukingoni mwa meza hiyo palipigiliwa rula ndefu ya mbao. Jina la kuzaliwa la Mama huyo watu walikuwa wameshalisahau. Mkono wake wa kulia alikuwa Mzee Mkasi, mkataji aliyejifunza kazi hapo hapo tangu ujana, mpole kama kondoo, asiyepinda mstari hata akisinzia. Sifa ya karakana ilikuwa moja: nguo yao ilikaa mwilini kama ganda kwenye yai.

Zamani shule zilipanga foleni mlangoni. Siku hizi zilikuwa zikipukutika moja moja. Shule ikituma orodha ya vipimo vya wanafunzi, baada ya muda ilirudi na malalamiko kwamba sare zinabana, kisha ikahamia kwa Jirani, fundi wa ng'ambo ya barabara mwenye duka la vioo. Mama Cherehani hakukosa jibu.

"Walimu wa siku hizi hawajui kupima," alisema. "Na huyo Jirani ana mkono wake humu. Wale wanaokuja wenyewe nikawapima mimi, nani amewahi kurudi?"

Kweli, hao hawakurudi. Basi lawama zikavuka barabara, zikatua kwenye vioo vya Jirani.

Ndipo mwanawe wa pekee, dereva wa malori ya safari ndefu, alipooa. Bibi harusi alikuwa fundi wa mitandao. Mume aliporudi barabarani, mkamwana alibaki na mama mkwe, na haikupita muda akaomba ruhusa ya kuisaidia karakana. Hakuanza kwa kompyuta. Alikaa kwenye benchi la wateja akiwauliza kinachowaudhi. Mama mmoja akamwambia anapoteza asubuhi nzima kuja kuuliza kama sare iko tayari, na anaambiwa arudi kesho. Mwingine akasema mtoto anasoma mbali, hawezi kuletwa kupimwa. Kisha akamgeukia mwenye karakana. "Na wewe, Mama, kinachokunyima usingizi ni nini?"

"Shule kunikimbia," alijibu Mama Cherehani, akajuta papo hapo. Mbona anamfunulia mtu aliyekuja juzi mahali anapoumwa?

Mkamwana akarudi na jambo lake. Mzazi angejaza vipimo kwenye simu, vipimo vingetokea kwenye simu kubwa iliyotundikwa juu ya meza ya Mzee Mkasi, na nguo ikikamilika ujumbe ungemfikia mzazi bila mtu kutumwa.

"Yote haya umeyatengeneza wewe?" Mama Cherehani aliuliza.

"Hapana, Mama. Nimekodi huduma zilizokwisha kutengenezwa na wenzangu, nikaziunga. Hii inapokea oda, hii inahifadhi vipimo mawinguni, yaani kwenye ghala la mtandaoni, hii inatuma ujumbe. Ni kama wewe. Hukulima pamba wala hukuunda vifungo. Unaunga kola na mikono mpaka vimkae mtu."

"Vifungo nalijua duka lake. Hilo wingu mlango wake uko wapi?"

"Halina mlango, Mama. Lina funguo tu."

"Ghala lisilo na mlango," alinong'ona Mama Cherehani, "halafu lina funguo. Hicho ni kitendawili, na sijapenda jibu lake."

Tangu siku hiyo shaka ilimwingia kama mchanga kwenye kiatu, kila hatua inakukumbusha. Mkamwana akishika simu, yeye aliacha kukanyaga cherehani ili asikie. Asubuhi moja, mkamwana akianika nguo uani huku akiongea na simu, mama mkwe alisimama nyuma ya mlango. "Futa zote," sauti ilisema. "Isibaki hata moja. Hapana, mama mkwe hajui. Funguo ninazo mimi." Mama Cherehani alirudi ndani kwa ncha za vidole, moyo ukidunda kama cherehani kisicho na breki.

Kisha sare zikaanza kurudi. Si za orodha za shule sasa, bali za kila aliyeagiza kwa simu. Shati halifungi, sketi haipandi, mikono imeishia juu ya kifundo.

"Kifungo kimenirukia jichoni," mzazi mmoja alisema, akiweka shati mezani. "Nilikuja kununua sare, Mama, sikuja kununua manati."

Mama Cherehani alicheka kwa midomo tu. Kichwani alikuwa ameshaunga vipande vyake. Kabla ya mgeni kuja, zilibana za orodha za shule tu. Mgeni amekuja, zinabana karibu zote. Funguo anazo yeye. Anabadilisha namba huko mawinguni ili karakana ife, airithi yeye au ampe Jirani.

Na wakati ulikuwa mbaya. Chuo cha wauguzi kilikuwa kimeagiza sare moja ya mfano, vipimo vyake vikaja kwa simu. Matroni wa chuo angekuja Ijumaa na mwanafunzi wake kuijaribu. Ikimkaa, sare za chuo kizima zingeshonwa hapa. Isipomkaa, angevuka barabara. Mama Cherehani alijua kwamba bila kazi ile vyerehani viwili lazima viuzwe, na Mzee Mkasi aambiwe maneno ambayo ulimi wake usingeyaweza.

Akaamua kutega mtego. Alikwenda kwa shogaye, akaomba apimwe gauni kwa tepu ya hapo nyumbani, akavikariri vipimo mpaka vikamkaa kichwani. Kisha wakatuma oda kwa simu ya shoga, kwa jina la kubuni.

"Unamtega mke wa mwanao?" shoga aliuliza.

"Panya hategwi na mtu aliyekwisha kumtaja jina," alijibu. "Nategea njia."

Alhamisi asubuhi oda ikatokea juu ya meza ya kukatia. Mama Cherehani alisogea kama anayetafuta chaki, akasoma. Kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono. Namba zilikuwa zile zile, hata moja haikuguswa. Badala ya kufurahi, alinuna. Mtu akimtafuta mwizi asimkute, hasira humrudia mwenyewe.

Gauni likakatwa, likashonwa. Mchana mkamwana alipotoka kununua uzi, Mama Cherehani aliingia nyuma ya pazia kulijaribu. Vifungo vya mbele vilitazamana kwa mbali kama watu waliokosana. Akatoka vile vile, kitambaa kimempasukia kwapani, akamkabili Mzee Mkasi.

"Namba nzima, nguo mbovu. Kumbe ni wewe. Amekupa nini, ewe mtu niliyekula nawe chumvi miaka yote hii?"

Mzee Mkasi aliweka mkasi chini. "Nani amenipa, dada? Na mbona umevaa nguo ya mteja?"

Mkamwana akaingia na uzi wake, akamkuta mama mkwe amebanwa gauni na hasira pamoja.

"Mteja ni mimi," alisema Mama Cherehani. "Niliituma mimi kwa jina la uongo, nione mnavyoniua. Mmekula njama nyinyi wawili."

Mkamwana aliuweka uzi mezani. "Ulinitega, Mama?"

"Nilikutega."

"Na mtego umenasa nini?"

Mama Cherehani alijitazama. "Umeninasa mimi. Haya, nivueni kwanza, nashindwa kupumua."

Wakamfungua. Mkamwana alikuwa na machozi karibu, lakini aliyameza, akalitandaza gauni mezani. "Basi tulipime tuone lilipopotelea." Akavuta tepu ya karakana iliyoning'inia kwenye msumari, akaishika ncha, akaishika tena, akaileta dirishani. "Mama, hii inaanza na moja ukingoni kabisa. Inchi ya kwanza iko wapi?"

Mzee Mkasi alicheka, akifurahi kwamba hatimaye limetokea swali jepesi. "Iliungua kwa pasi wewe hujazaliwa. Ni tepu ya marehemu mama yake dada, haitupwi. Dada akipima mtu huandika namba kama anavyoisoma. Mimi nikija kukata kwa rula hii ya mezani, natoa inchi moja iliyozidi. Kila anayeingia kazini hufundishwa siku ya kwanza."

"Mimi sikufundishwa."

"Wewe hukati nguo, mwanangu."

"Sawa, baba. Lakini vipimo vya kwenye simu, watu wamepima majumbani kwa tepu nzima. Navyo huwa unavitoa moja?"

Mzee Mkasi aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine. "Mkono unatoa wenyewe," alisema polepole. "Hauniulizi."

Mama Cherehani alikalia benchi la wateja, mahali ambapo hakuwa amekaa tangu aifungue karakana. Ng'ambo ya barabara Jirani alikuwa akipangusa vioo vyake, hana habari.

"Orodha za shule," alisema. "Zote zilipimwa na walimu kwa tepu zao. Zote tulizitoa moja. Miaka yote hiyo nimemtukana yule mtu wa watu." Kisha akamgeukia mkamwana, na sauti yake ikawa ndogo. "Lakini nilikusikia uani. Ulimwambia mtu afute zote, mama mkwe asijue."

"Zilikuwa oda za majaribio, Mama. Kabla ya kuanza nilituma oda za uongo, nione kama huduma zote zinasikilizana. Nyingine niliziandikia majina ya kipuuzi. Moja ilikuwa ya mbuzi. Niliona haya usije ukaiona."

"Mbuzi aliagiza nini?"

"Sketi."

Mama Cherehani alijaribu kubaki na uso wa toba, akashindwa. Wakacheka wote watatu mpaka Mzee Mkasi akajipangusa macho kwa kipande cha kitambaa. Kicheko kilipokwisha, Mama Cherehani alimshika mkamwana mkono. "Nimekuhesabia vijiko, mwanangu, na wewe ndiye uliyekuja na chakula. Nisamehe."

"Nimekusamehe, Mama. Lakini ile sare ya mfano?"

Wakaikimbilia pale ilipokuwa imetundikwa tayari, pasi imepita, imependeza kama pipi, na imepungua. Kitambaa kilikuwa cha chuo chenyewe na hakikubaki cha kukata nyingine. Mzee Mkasi aliigeuza ndani nje, akapapasa mishono, na uso ukamchangamka. Alikuwa na tabia ya kuacha pindo pana kila upande, tabia ambayo Mama Cherehani alimgombeza kila mwaka kwamba ni kupoteza kitambaa.

"Leo usinigombeze," alisema, akaanza kufumua.

Ijumaa matroni alifika, mwanamke mrefu asiyetabasamu bure. Mwanafunzi akaivaa sare nyuma ya pazia, akatoka. Vifungo vilikuwa vimefungwa. Mama Cherehani aliona, lakini hakuthubutu kupumua.

"Inua mikono," matroni aliamuru. "Sasa inama, kama unamnyanyua mgonjwa kitandani."

Msichana akainama. Hakuna kilichopasuka, hakuna kilichoruka. Matroni alipitisha kidole kwenye mshono wa bega. "Vipimo vya waliobaki nivitume kwa simu ile ile?"

"Kwa simu ile ile," alijibu Mama Cherehani, akamtazama mkamwana.

Tangu hapo mzazi akifungua ukurasa wa oda hukuta kwanza picha ya tepu, na mshale ukionyesha inapoanzia. Karakana ilinunua tepu mpya, nayo ya marehemu ikabaki kwenye msumari wake, imepumzishwa kazi. Mzee Mkasi alihangaika sana kuufundisha mkono wake adabu. Kwa majuma mengi akawa akikata huku anasema kwa sauti, "Usitoe, usitoe," na wateja wakidhani anasali.

Jioni moja mkamwana alimpa mama mkwe kadi yenye maneno ya siri ya huduma zote. "Funguo za ghala, Mama. Uwe nazo na wewe."

Mama Cherehani aliikunja, akaitia kifundoni mwa khanga. "Kitendawili," alisema.

"Tega."

"Nyoka wangu hana kichwa, hajamuuma mtu, lakini amenifukuzia wateja."

Mzee Mkasi alijibu bila kuinua macho. "Tepu yetu, dada. Na aliyemwona ni mgeni, sisi tulikuwa tukimlalia."

Naye alisema kweli, kwani mgeni njoo, mwenyeji apone.