Mataulo Mawili ya Kulwa na Doto

"Mkono mkavu haujui taulo." Mmelisikia neno hili kwa mjomba wenu asubuhi, alipowanyamazisha wale waliokuwa wakimsifu mchumba wa dada yenu, ilhali hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukaa naye. Sasa mnaniuliza taulo na uchumba vinahusiana wapi. Haya, sogeeni mnisaidie kukunja nguo hizi. Chimbuko la methali hiyo nalijua, nililisikia kwa marehemu mama yangu, aliyekuwa jirani wa wenyewe.

Upande wa Maswa, katika kijiji kilichozungukwa na mashamba ya pamba, paliishi mwanamke kijana aitwaye Minza. Alikuwa na mimba yake ya kwanza. Siku zake zilipokaribia, wakaja wazee wawili wa kike kumtunza: Ng'washi, mama yake mzazi, na Holo, mama wa mumewe. Kila mmoja alikuja na zawadi, na zawadi zenyewe zikafanana. Wote wawili walileta taulo la kumfutia mtoto.

La Ng'washi lilitoka dukani mjini. Lilikuwa na rangi ya waridi, linang'aa, na ukilipapasa ni laini kama manyoya ya kifaranga. La Holo lilikuwa la pamba tupu, jeupe la maziwa, halina urembo wowote, na lilikwaruza kidogo. Majirani waliokuja kumjulia hali Minza waliyashika yote mawili, na wote wakalisifu la waridi.

"Hili ndilo taulo," alisema mmoja. "Hilo jingine nilidhani la kufutia vyombo."

Holo alilikunja taulo lake akaliweka ndani ya kapu, chini kabisa.

Huenda lingebaki humo kama Minza angejifungua mtoto mmoja. Alijifungua mapacha wa kiume, wadogo kuliko watoto wa kawaida, wakaitwa Kulwa na Doto. Taulo moja halikutosha tena. Wakawa wakiogeshwa pamoja katika mabeseni mawili. Ng'washi alimuogesha Kulwa na kumfuta kwa taulo la waridi, na Holo alimuogesha Doto na kumfuta kwa lile la pamba.

Ulikuwa wakati wa kipupwe, upepo wa baridi unapita hata chini ya mlango. Kila baada ya kuoga Doto alinyonya, akalala. Kulwa alilia huku akitetemeka, midomo ikabadilika rangi, na ziwa akalikataa. Alianza kukonda. Majirani wakanong'ona kwamba mmoja wa mapacha amekuja kwa kupita tu. Bibi zake wakampeleka Kulwa zahanati. Muuguzi akampima, hakuona homa wala ugonjwa, akawaambia wahakikishe mtoto anakaa mkavu na mwenye joto.

"Mbona namkausha kila siku," alisema Ng'washi njiani wakirudi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeanza kuogopa.

Asubuhi moja, watoto wakiwa tayari majini, Ng'washi aliitwa nje. Aliporudi alimchukua Doto bila kujua, maana walifanana mno. Holo akamchukua Kulwa. Baada ya kufutwa, Kulwa alitulia, akanyonya vizuri. Doto akaangua kilio, akawa anatetemeka.

Minza, aliyewatambua wanawe bila kukosea, alikuwa amekaa kitandani akiwatazama. "Mama," alimwambia Ng'washi, "kwa nini leo analia Doto?"

"Labda kaambukizwa na nduguye."

"Nipe nimshike." Alimpokea, akapitisha vidole shingoni na mgongoni. "Ana maji bado."

"Nimemfuta sasa hivi, mwanangu, mpaka mkono umechoka."

Minza alimkausha Doto kwa kanga yake, akamkumbatia mpaka akatulia. Kisha akasema, "Mama zangu, hebu leteni sinia. Mwageni maji kidogo, mpitishe taulo hili, halafu lile."

Wakafanya hivyo. Taulo la waridi liliyasukuma maji huku na huku, sinia likabaki limelowa. La pamba lilipita mara moja, sinia likakauka. Ng'washi hakuamini. Akamwaga tena maji, akaligeuza taulo lake upande wa pili, akafuta. Yakawa yale yale.

"Mkwe," alisema taratibu, "nililipenda kwa ulaini wake."

Holo angeweza kumkumbusha maneno ya majirani. Badala yake alisema, "Hata langu lilipotoka dukani halikunywa maji. Lilikuwa na wanga wa kiwandani. Nimelifua mara kadhaa ndipo nikaja nalo."

"Na sabuni unatia nyingi?"

"Kidogo tu, kisha nalisuuza mpaka maji yatoke safi. Sabuni ikibaki, nyuzi zinaziba. Na dawa ya kulainisha nguo usiitie, inalipaka mafuta."

"Ukishafutia je?"

"Usiliache limejikunja kwenye ndoo, litanuka uvundo. Likung'ute, ulianike juani pande zote mbili."

Siku hiyo Holo alilikata taulo lake katikati, akapinda kingo kwa sindano, kila mtoto akapata kipande chake. Lile la waridi, lililokataa kunywa maji hata lilipofuliwa, wakalitandika juu ya mkeka, watoto walilalie wakiwa wakavu, na kwa kazi hiyo lilifaa sana. Kulwa akarudia ziwa. Mwezi haukuisha, mashavu yake yakajaa.

Majirani wakaja tena kuwaona mapacha. Mmoja wao aliinama, akalipapasa lile tandiko. "Taulo zuri namna hii, mnalilalia?"

Ng'washi hakuona haya. Alimsogezea beseni la maji. "Lowesha mikono kwanza."

Mwanamke yule akalowesha mikono, akaifuta kwenye taulo la waridi. Akafuta tena, akaitazama. Mwishowe akamalizia kwenye kanga aliyovaa.

"Umeona, mwenzangu," Ng'washi akamwambia. "Mkono mkavu haujui taulo."