Nani Aliyemfikisha Leokadia?

Sogeeni mnisikilize, wakubwa kwa wadogo, na msikilize vizuri, maana nikimaliza nitawaachia kazi, na kazi yenyewe si nyepesi.

Palikuwa na mwanamke mjane akiitwa Leokadia, Mfipa aliyeolewa Moshi. Alipotaka kuolewa huko, baba yake, Mzee Kipeta, alimwambia, "Ukienda, jihesabu huna baba." Leokadia akaenda. Tangu siku hiyo hawakusemeshana tena, hata kwa simu. Miaka ikapita, mumewe Anaeli akafariki, akamwachia gari. Kuukuu, lakini zima. Na gari hilo ndugu wa marehemu walikuwa wakilitazama kwa jicho ambalo Leokadia alilielewa vizuri sana.

Ndugu hao walikuwa watatu, na kila mmoja alijaliwa chake. Elinami, mdogo wa marehemu, alijaliwa masikio. Gari likipita barabarani, yeye yuko ndani anakunywa uji, atakwambia linaumwa nini. Aikande, dada wa marehemu, alijaliwa pua. Maziwa ambayo nyie mngeyanywa na kuyasifu, yeye angeyanusa akayamwaga, na jioni mngemshukuru. Kiwia, binamu yao, alijaliwa ulimi. Aliwahi kuwapatanisha mke na mume waliokwisha kugawana hata sufuria, wakaondoka kwake wamebebeana sufuria.

Sasa siku moja simu ikaja kutoka Ufipa. "Mzee hali yake mbaya. Anakuulizia."

Neno hilo, anakuulizia, lilimkalisha Leokadia chini. Gari analo, kuendesha hajui, na njia ya kutoka Moshi mpaka Sumbawanga ni ndefu. Akawaita shemeji zake na wifi yake, akawaambia mbele ya wote, "Nipelekeni kwetu. Nikimkuta baba yangu hai, gari hili nitampa aliyenifikisha."

"Wifi, hayo unayasema kwa uchungu," Aikande akasema.

"Nayasema kwa akili zangu."

Walitazamana tu wale watatu, na katika kutazamana kule Leokadia aliona kitu kilichomfanya atamani kuyarudisha maneno yake mdomoni.

Wakaondoka. Walilala Babati, kwenye nyumba ya wageni ambayo vyumba walivyoahidiwa walivikuta vina watu, wakabanwa wanawake chumba kimoja na wanaume kingine. Asubuhi, wengine walipokuwa wakinywa chai, Leokadia alimwona Elinami kupitia dirisha. Alikuwa amechuchumaa kando ya gari, spana mkononi.

"Nakagua tu tairi, shemeji," akasema alipoona anatazamwa.

Walipoingia kwenye milima ya kuelekea Kondoa, Elinami akiwa kwenye usukani, ghafla alipunguza mwendo na kuinamisha kichwa.

"Nyamazeni."

"Kuna nini? Mbona gari linakwenda vizuri tu?" Kiwia akauliza.

"Nimesema nyamazeni!" Akasimamisha gari pembeni, akashuka. Wote wakashuka. Gurudumu la mbele lilikuwa limelegea nati zote. Moja ilikwisha kudondoka, nyingine ukiigusa kwa kidole inazunguka. Na mbele yao palikuwa na mteremko na kona, na chini ya kona korongo. Aikande alishika kifua.

Elinami akazikaza nati moja baada ya nyingine, akafuta mikono. "Kama si masikio haya," akasema, "sasa hivi tungekuwa kule chini."

Kweli kabisa. Leokadia alimshukuru kwa moyo wote. Lakini walipoanza safari tena, macho yake hayakuacha kuitazama ile mikono juu ya usukani. Nati zinajilegeza zenyewe, barabara mbovu huzilegeza. Lakini zote? Na asubuhi ile ile ya spana?

Wakapita Dodoma, wakafika Iringa jua linazama, na baridi ya Iringa mnaijua. Nyumba ya wageni waliyopata haikuwa na maji ya moto wala umeme, na dirisha la chumba cha Leokadia lilikuwa limegongelewa misumari ili upepo usiingie. Alikuwa akitetemeka. Mhudumu akamletea jiko la mkaa, akaliweka katikati ya chumba, akafunga mlango. Wenzake wakaenda kutafuta chakula. Leokadia akajilaza kidogo, na joto likamchukua taratibu, tamu, kama usingizi wa mtoto.

Alipofumbua macho alimwona Aikande akimpiga makofi mashavuni, na wote wawili walikuwa nje barazani kwenye baridi. Kichwa kilimgonga, akatapika. Aikande alikuwa akilia.

"Nilikuwa getini narudi," alisema, "nikanusa mkaa ambao haujaiva. Kwenye vyumba! Nimekimbia, wifi. Nimeusukuma mlango kwa bega."

Wageni wengine walikuwa wamepita pale na hawakunusa kitu. Leokadia akamkumbatia wifi yake na kulia naye. Baadaye kidogo akamwita mhudumu, akamuuliza nani alimwambia apeleke jiko chumbani.

"Si huyo dada mliyekuja naye?"

"Mimi nilisema uliweke barazani!" Aikande akaruka. "Barazani tuote moto!"

"Dada, ulisema nimpelekee mwenzako anayetetemeka."

"Umesikia vibaya!"

Mhudumu akainua mabega, akaenda zake. Leokadia akamtazama Aikande, na machozi yalikuwa bado hayajakauka kwenye uso wa kila mmoja wao.

Siku iliyofuata walifika Tunduma, mji wa mpakani wenye malori mengi kuliko nyumba, wakalala. Asubuhi Kiwia alipanga mizigo garini. Walipotaka kutoka, geti likafungwa. Mwenye hoteli, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuamrisha, alikuja na walinzi.

"Blanketi langu liko wapi?"

"Blanketi gani, mama?" Leokadia akauliza.

Mlinzi akafungua mlango wa nyuma. Blanketi lilikuwa pale, limekunjwa juu ya mizigo, jina la hoteli likionekana. Watu wakaanza kujaa. Mmoja akapiga kelele za mwizi, na mnajua neno hilo likishasemwa mbele za watu linavyoweza kuishia. "Hakuna kuondoka mpaka polisi waje!" mama akasema. Na wakati huo huo simu ya Leokadia ikaita: mzee ameacha kunywa hata maji.

Kiwia akapanda kwenye ngazi ya mlangoni. Hakupaza sauti.

"Mama, mimi ndiye niliyepakia mizigo, kwa hiyo kama kuna mwizi, ni mimi. Nishike. Lakini tazama kwanza. Mwizi anaiba blanketi lenye jina, halafu analiweka juu, hata mtoto alione? Tumekokota vitu vyote vya chumbani kwa haraka, kwa sababu huyu mama unayemwona analia, baba yake anakata roho Sumbawanga, na hawajaonana tangu alipoolewa. Wewe mama, baba yako yupo?"

Yule mama akajibu, "Hayupo."

"Ulimuwahi?"

Geti lilifunguliwa. Mwenye hoteli mwenyewe ndiye aliyelisukuma, na waliokuwa wakipiga kelele wakapisha njia.

Njiani Leokadia aliwaza. Kiwia alipakia mizigo kwa mkono wake, na Kiwia akawatoa kwa mdomo wake. Haraka kweli ilikuwepo. Lakini blanketi lile lilikuwa limekunjwa vizuri.

Wakafika. Mzee Kipeta alikuwa hai, mwembamba kama fimbo, macho wazi.

"Umechelewa," akasema.

"Barabara ni ndefu, baba."

"Najua. Na mimi sikuipita." Akaweka mkono juu ya kichwa cha binti yake, akauacha hapo. Leokadia alimweleza yote: ahadi, nati, mkaa, blanketi. Mzee alisikiliza macho yamefumbwa, mpaka binti akadhani amelala. Kisha akasema, "Umeahidi, toa. Lakini usimpe aliyekutakia kifo. Na usimnyime aliyekuokoa kwa kumdhania tu."

Jua lilipotua mzee akafariki.

Matanga yalipokwisha, wale watatu wakaja. Elinami akasema, "Bila masikio yangu msingepita Kondoa. Hao wengine wangemwokoa nani?" Aikande akasema, "Gari lingefika na maiti. Aliyeahidi ni mtu, na mtu huyo nimemtoa chumbani mimi." Kiwia akasema, "Mlikuwa wazima wote, na bado mngekaa Tunduma huku mzee anazikwa." Kisha wakageukiana. Spana! Jiko! Blanketi! Kila mmoja aliapa kwa kaburi la Anaeli kwamba hana hatia, na kila mmoja aliapa kwamba mwenzake anayo.

Leokadia alisimama katikati yao, ufunguo mkononi. Aliwatazama usoni mmoja mmoja. Kwa kila mmoja aliona mtu aliyemrudishia baba yake, na kwa kila mmoja aliona mtu ambaye hangethubutu kulala naye nyumba moja. Huenda wote ni wema na barabara ndiyo mbaya. Huenda mmoja wao ni mwovu. Huenda na wawili. Ahadi ilikuwa ya mtu mmoja, na neno la baba yake hakuna tena wa kulifafanua.

Mimi nimefika mwisho wa ninachokijua. Haya, ninyi mliokaa hapa mkitikisa vichwa: ufunguo ungekuwa mkononi mwako, ungemkabidhi nani? Na ukishamkabidhi, je, ungekubali akurudishe Moshi?