Fungu la Mpiga Ngoma

Paukwa?

Pakawa.

Kaeni vizuri basi. Nawe unayesonga ugali, sikiliza huko huko jikoni.

Hapo zamani za kale, wanyama wa bonde walikuwa na ngoma moja, juu ya kilima. Moto ukionekana mbugani, Ngiri hukwea akaipiga, nao huvuka mto wakapona. Kwa heshima hiyo, kila karamu alipewa fungu la mpiga ngoma: nyama ya mafuta, konzi ya chumvi na kiko cha tumbaku. Babu yake alilipokea, baba yake alilipokea. Wote wawili walifia kwenye jiwe jeusi katikati ya kilima, wameshika kifua, ngoma haijalia.

Mwaka wake wa kwanza wa kupiga ngoma, Ngiri alikwea bila kupumzika. Wa pili akapumzika mara tatu. Wa tatu, penye jiwe jeusi, kifua kikambana. Akakaa chini, jasho likimtiririka.

Kobe, mtani wake, akamkuta.

"Mtani, tumbo limekutangulia kileleni?"

"Usinicheke. Pepo wa kilima amenishika."

"Miaka mia nakaa hapa, hajanishika. Nilimzika babu yako, nikamzika baba yako. Pepo wao nilimwona sahanini."

Ngiri akainuka, akajikokota hadi kileleni, akaipiga ngoma. Karamu iliyofuata, akaisukuma nyama ya mafuta. Ya pili, akaisukuma chumvi. Ya tatu, akakirudisha kiko, na hicho kilimtoa machozi.

"Fungu la heshima halikataliwi," Simba akanguruma.

"Silikatai, Bwana Mkubwa. Nipe kunde na mchicha, heshima ni ile ile."

Sungura akacheka. "Mpiga ngoma amegeuka mbuzi."

Kila alfajiri Ngiri akatembea na Kobe, polepole, kilimani. Baada ya miezi sita akamwacha nyuma.

Kiangazi, moto ukaja na upepo. Ngiri akakwea. Penye jiwe jeusi moyo ukadunda, du, du, du, lakini kifua hakikubana. Akapita. Ngoma ikalia, bonde zima likavuka mto, Sungura mbele ya wote.

Akishuka, akambeba Kobe mgongoni.

"Mtani, siku hizi u mwepesi," Kobe akasema.

"Nawe u mzito. Punguza kunde."

Kwenye karamu ya shukrani, Simba alianza kwa kumpakulia Ngiri kunde. Sungura akaomba naye aonjeshwe.

Basi, wanangu, si kila alichokula baba ni urithi. Moyo hutunzwa kila siku, kwa mlo na kwa miguu, kabla kilima hakijauhitaji.

Hadithi yangu imevuka mto. Aliyebaki ng'ambo, naye alete yake.