Kamba Yenye Mafundo

Mwanamume ambaye hajawahi kushika sindano, akianza ghafla kupenda mapambo ya nyumba, mkewe ana haki ya kukaa macho. Ndivyo Futi alivyojiambia Jumamosi ile mumewe alipoingia na fremu ya boksi kwapani, akampita bila salamu ya kueleweka, akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha kushonea na kuanza kugonga msumari.

Futi lilikuwa jina la utani. Mtaa mzima ulimwita hivyo kwa sababu futi ya kupimia nguo haikumtoka shingoni, awe anashona, anapika au anavutana na muuza mboga kwenye bei. Mumewe naye walimwita Timazi, kwa ile kamba yenye kipande cha chuma ambayo waashi huining'iniza kujua kama ukuta umesimama wima. Kuta za Timazi zilisifika. Watu walisema ukitaka kuuona mstari ulionyooka usitafute rula, katazame kazi ya Timazi. Walikuwa wameoana miaka kumi na minne, wana mabinti wawili katika shule ya bweni, na kwa miaka yote hiyo pambo pekee ambalo Timazi aliwahi kulileta nyumbani lilikuwa kalenda ya duka la saruji.

Chumba cha kushonea alikijenga yeye mwenyewe, nyuma ya nyumba, ili mkewe aache kushonea sebuleni. Siku ya kuchimba msingi Futi alisimama kando, akautazama mtaro, akasema, "Mbona kama mfupi kwenda chini?" Timazi alicheka, na vibarua wake wakacheka naye. "Mke wangu, wewe shona nguo. Nyumba niachie mimi." Futi akarudi kwenye cherehani yake, na chumba kikapanda kwa siku tisa. Kilikuwa chumba kizuri, chenye dirisha pana juu ya cherehani, naye alikipenda.

Sasa katika chumba hicho hicho fremu ya boksi ilikuwa imepachikwa kwenye kona, usawa wa goti.

"Mbona umeiweka chini hivyo? Atakayeitazama ni nani, kuku?"

"Ndio mtindo wa sasa," alisema Timazi, akikusanya misumari yake.

"Mtindo wa nani?"

"Wa watu. Na usiiguse, gundi haijakauka."

Jumamosi iliyofuata alileta maua yaliyokatwa kwenye trei za mayai na kupakwa rangi nyekundu. Aliyapachika juu ya fremu, kidogo upande wa kulia. Wiki iliyofuata ikawa zulia dogo la duara lililosukwa kwa mabaki ya vitambaa vya Futi mwenyewe, juu zaidi, kulia zaidi. Halafu ukaja mkufu wa vizibo vya soda. Mapambo yalipanda ukuta mshazari, mguu kwa mguu, yakilielekea dirisha. Wateja waliokuja kupimwa nguo walisifu wasichoke. "Mumeo amekuwa msanii! Wangu hata taulo haanui." Futi alitabasamu kwa midomo tu.

Kwani alikuwa haoni? Mtu anayeitwa Timazi, anayeweza kubomoa mistari mitatu ya matofali kwa sababu ya upana wa kucha, anapachika vitu upande upande na kuuita mtindo! Tena lile zulia lilikuwa limepindwa ukingoni kwa mshono wa karibu karibu, safi, ulionyooka. Mshono wa namna ile hauokotwi njiani. Mtu alikuwa amekaa na mumewe, bega kwa bega, akamwelekeza kwa subira.

"Nani kakufundisha pindo hili?"

"Nimejifunza tu," alisema Timazi, na macho yake yalikuwa ukutani, si kwake.

Jumapili, siku ya kufua, Futi aliipekua mifuko ya suruali ya mumewe. Alitoa ushanga mmoja wa buluu, kipande cha gundi iliyokauka, na kamba nyembamba yenye mafundo matatu.

Mwanamke mwingine angeitupa kamba ile jalalani. Lakini Futi alikuwa fundi, na fundi akiona kamba yenye mafundo anajua ni vipimo. Wanaume waliomwendea kushonesha nguo za kuwashtukiza wake zao walikuja na kamba za aina hiyo hiyo. Aliivua futi shingoni, akaipima pale pale kando ya karai. Toka ncha hadi fundo la kwanza, inchi sita. Kifundo cha mkono. Hadi la pili, inchi kumi na moja. Mkono juu ya kiwiko. Hadi la tatu, inchi ishirini na nne.

Alikaa chini, juu ya nguo mbichi. Inchi ishirini na nne ni kiuno. Tena si kiuno cha mtu mzima aliyezaa. Chake kilikuwa thelathini na sita, naye alikuwa akikipima kwa huruma.

Aliirudisha kamba mfukoni, akaenda sokoni kwa dada yake mkubwa, muuza vyombo, mwanamke aliyeachika mara mbili na aliyekuwa na ushauri kwa kila ndoa isipokuwa zake.

"Nimuulize, dada?"

"Umuulize?" Dada aliweka sufuria chini. "Ukimuuliza utakuwa umemwamsha aliyelala. Ataificha kamba, wewe utabaki na maneno. Nyamaza, mdogo wangu. Dalili ya mvua ni mawingu. Wewe endelea kupima."

Futi akaendelea kupima. Kila Jumapili aliitoa kamba mfukoni, na kila Jumapili ilikuwa na fundo jipya mbele ya lile la zamani. Alifungua ukurasa katika daftari lake la vipimo, kati ya mteja wa sare na mteja wa gauni la harusi, akaandika juu yake *Mwanamke wa Kamba*. Chini yake aliandika: 24. Kisha 26. Kisha 29. Kisha 33.

Alipoandika 33 kalamu ilimtoka mkononi. Alikuwa ameshonea wajawazito wengi mno kuhitaji kuelezwa. Kiuno kilikuwa kinakua. Angekuwa na akili zake za kila siku angejua kwamba hakuna mimba duniani iendayo mbio kiasi hicho, lakini wivu haujui hesabu. Usingizi ulimpaa. Chakula alikipika bila chumvi, na Timazi akakila bila kulalamika, jambo ambalo nalo alilitia katika orodha ya ushahidi.

Katika siku hizo mambo mengine yalitokea chumbani, naye hakuyatilia maanani. Kila asubuhi aliifuta cherehani vumbi jepesi la kijivu, akalaumu barabara. Dirisha lililokuwa likifungwa kwa kidole kimoja likaanza kukataa, akalaumu mvua kwa kuvimbisha mbao. Mtu akimkazia macho mtuhumiwa, nyumba nzima inaweza kumwita asisikie.

Wiki ya mvua kubwa, dada alikuja mbio, mwavuli umepinduka. "Nimemwona kwa macho yangu! Mtaa wa pili, nyumba yenye pazia la shanga. Mwenyewe wanamwita Mama Ushanga. Mumeo anaingia pale kila Jumamosi kama anaingia kwake."

Futi alikumbuka ule ushanga wa buluu. Dada alipoondoka alifunga nguo zake katika begi, akaliweka nyuma ya mlango wa mbele. Alilia kidogo, akawaza atawaambia nini mabinti zake. Kisha akavaa futi yake shingoni, akachukua daftari, akatoka mvuani. Alitaka kukipima kile kiuno kwa mkono wake mwenyewe kabla hajaondoka.

Njia nzima alipanga matusi. Aliyapanga vizuri, dogo mbele, kubwa nyuma. Alipolifunua pazia la shanga akakuta bibi kizee mnene ajabu, ameketi kwenye kiti kipana, mapaja yamejaa shanga, miwani imefungwa kwa uzi. Kiuno kile kingehitaji kamba mbili.

"Shikamoo," alisema Futi. Lilimtoka lenyewe.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kujifunza au kununua?"

Futi alitazama huku na huku. "Unaishi na nani hapa, bibi?"

"Na paka."

"Hakuna msichana?"

"Msichana wa nini, na mimi nipo?" Mama Ushanga alicheka hadi shanga zikamwagika. Halafu akaiona futi shingoni mwa mgeni, na kicheko kikakatika. "Ala! Wewe ndiye mke wa yule mwashi. Mkono wake mzito, lakini subira anayo. Amesuka zulia lile mara nne."

"Bibi, nimekuja kwa habari ya kamba. Ile yenye mafundo. Ni kipimo cha nani?"

Bibi alivua miwani. "Hajakwambia?"

"Ningejua ningekuuliza?"

"Ni ya ufa, mwanangu. Ukuta wa chumba chako una ufa. Kila wiki unarefuka, naye anakuja na fundo jipya, nimfundishe pambo la kufika hapo. Nilimwambia, fundi, ushanga si saruji. Mficha maradhi kifo humuumbua. Akasema, 'Nitaurekebisha, mama, lakini kwanza mke wangu asiuone.' Leo fundo lilikuwa limefika mbali. Nimemwambia sina pambo la ukubwa huo, aende nyumbani akamtoe mkewe chumbani."

Futi hakuaga. Alikimbia na kiatu kimoja, kingine kikabaki kwenye tope la mtaa wa pili, na wakati wote aliona mbele ya macho yake lile vumbi la kijivu alilolifuta kila asubuhi. Alikuwa amelifuta kwa kitambaa, akakikung'uta nje, akarudi kukaa chini ya ukuta ule ule kutwa nzima.

Alipolifikia lango alimwona Timazi akitoka kinyumenyume kwenye mlango wa chumba cha kushonea, amekumbatia kichwa cha cherehani kama mtu aliyebeba mgonjwa.

"Usije!" alipiga kelele. "Kaa huko huko!"

Nyuma yake kukasikika sauti ya kitu kinachokatika pole pole. Dirisha liliinama. Maua ya trei za mayai, zulia la duara, mkufu wa vizibo, vyote viliteremka pamoja na ukuta, na wingu la vumbi likatoka mlangoni kukutana na mvua. Kiti ambacho Futi alikuwa akikalia hakikuonekana tena.

Timazi aliweka cherehani chini, akapiga magoti kwenye maji. "Nimeingia ndani nikakuita, hukuitika," alisema. "Nikadhani uko chini ya meza. Nimeinua kila kitu. Nimekuita, mke wangu, nimekuita."

Futi alikaa chini naye, pale pale topeni. Alimshika mikono, ile mikono yenye gundi kwenye kucha. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema msingi mfupi. Nikakucheka mbele ya watu." Alishindwa kumtazama. "Mimi, Timazi! Ungenicheka."

"Ningekucheka siku moja," alisema Futi. "Siku ya pili ningekushikia koleo."

"Mwanzoni ulikuwa inchi sita tu. Ningechimba pembeni, nikatia zege chini, kazi ya siku mbili. Kila Jumamosi nilisema wiki ijayo. Sikujua utakimbia hivi."

Kisha macho yake yakaangukia mlango wa mbele uliokuwa wazi, na begi lililokuwa nyuma yake. "Ulikuwa unakwenda wapi?"

Futi angeweza kusema uongo. Mmoja alikuwa nao tayari ulimini, tena mzuri. Badala yake alilitoa daftari chini ya nguo iliyolowa, akafungua ukurasa, akampa. Timazi alisoma: *Mwanamke wa Kamba*. 24, 26, 29, 33. Ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa, uso wake ulikunjuka, ukakunjamana tena.

"Wiki zote hizi ulidhani nina mtu? Na hukuniuliza?"

"Nilikuwa napima."

"Ungeniuliza siku ya kwanza, kando ya karai, ningekuonyesha ukuta."

"Na wewe ungenionyesha ukuta, nisingeipima kamba."

Walikaa mvuani, mwashi na mshonaji, kila mmoja na kipimo chake, wakiutazama uwazi mkubwa uliokuwa ukuta.

Mvua ilipokatika walianza kuchimba. Safari hii Futi aliingia mtaroni mwenyewe, akateremsha futi yake hadi chini, akasema, "Bado." Timazi akachimba. "Bado." Akachimba tena, na vibarua walipotaka kucheka aliwatazama, wakaacha. Kazi ya siku mbili ilichukua wiki sita. Begi lilirudi kabatini siku ile ile, lakini yaliyokuwa ndani ya mioyo yao yalikawia zaidi. Kuna siku Timazi alichelewa kurudi na Futi akajikuta anaitazama mifuko ya suruali. Siku hizo alijilazimisha kufungua mdomo: "Umetoka wapi? Nina wasiwasi." Naye Timazi, aliyezoea kujibu kwa "tu", akajifunza kujibu kwa maelezo.

Ukuta mpya uliposimama, wateja waliuliza mbona mtupu, mapambo yako wapi. Futi alikataa hata kalenda ya saruji. Alipachika kitu kimoja tu, juu ya cherehani, mahali ambapo wote wawili wangekiona kila siku: ile kamba yenye mafundo. Na mteja akiuliza ni kipimo cha nani, mume na mke walitazamana, wakamjibu kwa pamoja: usipoziba ufa, utajenga ukuta.