Mwana Thurea na Dhahabu ya Merikani

Habari hii tumeipokea kwa walioipokea kabla yetu, kwamba katika mji wa Sharafa, uliojengwa kwa matumbawe na kupakwa chokaa ukang'aa kama yai, alitawala Sultani Ghalibu bin Tamimu, mfalme mwadilifu mwenye haiba, na Mola hakumjaalia mtoto ila binti mmoja, Mwana Thurea, mjuzi wa vitabu na mwenye sauti ya upole.

Binti huyu alikuwa ameposwa na Mundhiri bin Hafidhi, mwana wa mkuu wa forodha, nao walipendana mapenzi yasiyofichika. Kabla ya harusi, Sultani akamtuma Mundhiri awe balozi kwa Wamerikani, waliokuwa wakija Sharafa kununua pembe na karafuu. Siku ya kuagana Mundhiri akasema, "Mwana, wachukuzi wa habari huongeza chumvi. Mimi kila mwaka nitakuletea sarafu ya dhahabu iliyopigwa mwaka uleule. Ukiipata, jua ningali hai, na ningali wako."

Thurea akajibu, "Nami sitazihesabu kuwa mali. Nitazihesabu kuwa pumzi zako."

Na kweli merikebu zikaja na sarafu zikaja, ndogo kama kifungo cha joho, upande mmoja kichwa cha mwanamke kilichozungukwa na nyota, na upande wa pili tai aliyekunjua mbawa, ameshika mishale na tawi la mzeituni. Katika zile za kwanza nywele za mwanamke zilifungwa utepe, na katika ile ya mwaka wa elfu moja mia nane na arubaini alivikwa taji. Thurea alizitia katika kijaluba cha fedha, na kila asubuhi alizitandaza juu ya mahameli akazigusa moja moja, kama mtu avutaye uradi.

Kisha ukaja mwaka wa arubaini na moja wa hesabu ya Wazungu, na sarafu haikuja. Akawauliza manahodha wa Kimerikani, wakasema, "Bibi, balozi wenu hatujamwona, na sarafu ya mwaka huo hata sisi hatujapata kuishika, kwa maana zilizopigwa ni chache mno."

Tangu hapo Thurea hakutulia. Aliuza bangili na mikufu yake, akanunua kila mfuko wa dhahabu ya Merikani uliofika kwa wabadili fedha, akitafuta tarakimu ile, na kijaluba kikajaa kikawa sanduku, na watu wakanong'ona kwamba binti Sultani ameshikwa na uchu wa dhahabu. Hawakujua kwamba kila mfuko alioufungua bila kuiona sarafu ile aliufunga kwa machozi.

Miaka ikapita, na Sultani akamwita akamwambia, "Mwanangu, nimezeeka, na kumngoja asiyerudi ni kuteka maji kwa pakacha. Olewa, nifumbe macho kwa amani."

"Niwie radhi, baba," akasema Thurea. "Atakayeniletea sarafu ya mwaka ule nitaolewa naye, kwani huenda akawa amefika alikofika Mundhiri."

Haukupita muda, Amiri Sinani, tajiri wa mji ule, akaingia barazani na sarafu juu ya kitambaa cha hariri, na mwaka ulikuwa ndio. Baraza zima likashangilia. Thurea akaipapasa kwa kidole, akasema, "Amiri, tarakimu hii ya mwisho ilizaliwa nne, na patasi imeifanya moja. Hapa dhahabu ingali na kidonda." Sinani akainamisha kichwa, akatoka asiage.

Akaendelea kutafuta, hata adhuhuri moja, ndani ya mfuko mkuukuu, akakuta pete ya akiki chini ya sarafu. Akaifuta kwa ukaya wa kichwani mwake, na mara chumba kikajaa moshi wa rangi ya manjano, na mbele yake akasimama jini mrefu aliyeinama asigonge boriti.

"Lebeka, bibi yangu!" akanguruma. "Mimi ni Qamqamu, mwenye kuamuru dhahabu ya barani na ya baharini, na nimefungwa kwa pete hii. Nitakutumikia kwa haja moja, kisha niwe huru."

"Niletee Mundhiri bin Hafidhi!"

"Juu ya wanadamu sina amri. Amri yangu ni dhahabu."

Thurea akasema, "Basi sarafu ya mwaka wa arubaini na moja. Ipo?"

Jini akafumba macho, kisha akasema, "Ipo. Imeshonwa ndani ya mshipi wa mtu mmoja mwenye ndevu zilizoingia mvi, katika bandari ya baridi, huko Merikani. Merikebu iliyokuwa ikimrudisha kwao ilivunjika akapoteza vyote, na sasa anabeba mizigo, na ujira wake haumfikishi nauli. Mara nyingi amelala na njaa, na hii hakuitoa. Husema ana mwenyewe wa kumpelekea kwa mkono wake. Niseme neno, nayo itakuwa mkononi mwako."

Binti akakaa chini. Sarafu aliyoitafuta kwa miaka sasa ilikuwa umbali wa neno moja, na akiipata atamwachia Mundhiri mshipi mtupu na ahadi iliyoibiwa. Akaliangalia sanduku lake, kisha akasema, "Waweza kupeleka dhahabu kama uletavyo?"

"Naweza, iwapo ni mali yako ya halali."

"Ichukue yote, uimwage mapajani mwake. Zile za kwanza ziwe juu, apate kujua zimetoka kwa nani."

"Na ile uitakayo, bibi?"

"Mwachie."

Jini akainama hata paji la uso likagusa sakafu, akatoweka na sanduku likabaki tupu.

Hapo ndipo Thurea alipoijua shauku ya kweli, maana zamani alikuwa na kitu cha kugusa, na sasa hana. Alfajiri vidole vyake vilizitafuta sarafu juu ya mahameli kwa mazoea, vikakuta kitambaa tu. Sultani akamwonea huruma, akaacha kumsemesha habari za kuolewa.

Msimu ukaisha, ukaja mwingine, na merikebu ya Kimerikani ikatia nanga, na mtu mwenye mvi na viganja vilivyopasuka akaletwa barazani. Dhahabu yote ilikuwa imeisha njiani, hata ile ya mshipini, kwa nauli na kwa kuwakomboa katika madeni mabaharia wa Kimerikani waliovunjikiwa merikebu pamoja naye. Akasimama mbele ya Thurea, akafungua kinywa, na maneno hayakuja, kwa kuwa miaka yote ile hakuwa na mtu wa kusema naye lugha ya kwao.

"Nime... nime..." akasema, akakwama, na machozi yakamtoka kwa aibu.

Wazee wa baraza wakatazama chini. Thurea akashuka kutoka kitini, akamwendea, akasema taratibu, "Nimerudi."

"Nimerudi," akafuatisha Mundhiri.

"Nyumbani."

"Nyumbani," akasema, na sauti ikamjia.

Sultani akaamuru ngoma zipigwe, na harusi ikafanywa, watu wakala wakashiba mpaka mbwa wa mji wakachoka mifupa, na Mundhiri akapewa ukuu wa forodha aliokuwa nao marehemu baba yake, na Mola akawafungulia milango ya riziki. Na kila jioni mkewe alikaa naye kibarazani akimrudishia maneno yaliyompotea, hili leo na hili kesho, wala hakuyaharakisha. Basi enyi wasikivu, akusanyaye na akusanye, lakini ajue moyo wake unamngoja nani, asije akashika kumbukumbu akamwachilia mwenyewe.