Wimbo wa Lango la Wambeti

Mvua haimngoji mtu anayepima majembe dukani. Akishika hili akaliona zito, akashika lile akaliona butu, atarudi shambani akute maharagwe ya jirani yamekwisha kuchipuka. Ndiyo maana tunaambiwa kuwa mchagua jembe si mkulima. Mwaniki wa Kanja aliijua methali hii tangu shule ya msingi, na hata aliwahi kuiandikia insha. Lakini kuijua methali na kuifuata ni mambo mawili, kama atakavyoshuhudia msomaji.

Chumba cha Mwaniki kilijaa mashine ambazo watu walikuwa wamezitupa: kompyuta nene yenye kioo cha kitambi, mashine za michezo za kuunganishwa na televisheni, na kijimashine kimoja cha kijivu kinachotosha kiganjani, cha kutumia kaseti na betri. Watoto wa enzi zile walikitumia kuchezea gemu. Mwaniki alikitumia kutunga muziki, kwa kuwa alikuwa na kaseti maalumu iliyomwezesha kupanga noti moja baada ya nyingine. Kilitoa sauti nne tu kwa wakati mmoja, nyembamba kama za nyenje. Majirani walimcheka, naye akacheka pamoja nao, kwani alikipenda.

Mama yake, Wambeti, alikuwa gwiji wa malangoni. Kwao, wageni wa mahari wakija, lango hufungwa. Wao huimba nje wakibisha, wanawake wa boma huimba ndani wakiwahoji na kuwatania, na lango halifunguliwi mpaka nyimbo zijibizane. Kwa miaka mingi Wambeti ndiye aliyeanzisha, kwa wimbo alioutunga mwenyewe. Kisha ugonjwa wa koo ukampeleka hospitalini, akapasuliwa. Alirudi mzima, ila sauti ilibaki mnong'ono. Na sasa zamu ilikuwa ya binti yake mwenyewe, Lorna. Yeye aliyewaimbia mabinti wa watu angekaa kimya kwenye lango la binti yake! Jambo hilo lilimuuma kuliko kovu la shingoni.

"Usijali, Mama," Mwaniki aliahidi. "Nitatengeneza hiyo wimbo. Mashine itaanzisha, wanawake waitikie."

Ahadi ni deni, na la Mwaniki lilianza kukawia. Alijiambia kuwa wimbo mzito kama huo haufai kupigwa na kijimashine cha watoto. Akaazima kipakatalishi cha rafiki yake Kiunga, chenye ngoma za kila pembe ya dunia. Akasikiliza ngoma hii, akaiacha. Akasikiliza ile, akaona ina mwangwi mno. Wiki ikaisha angali kwenye ngoma.

"Wewe Mwaniki, hiyo wimbo iko wapi?" Lorna alimuuliza akipepeta maharagwe.

"Inakuja. Natafuta saundi mzuri."

"Unatafuta ama unajificha? Wageni ni Jumamosi, na Mama hakuli vizuri."

Mwishowe alimsikilizisha mama yake alichokuwa nacho: ngoma, magitaa, vinanda na tarumbeta, vyote vikipigana vikumbo kama ng'ombe kwenye josho. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akanong'ona, "Kijana yangu, hapa wanawake wataitikia wapi?"

Mwaniki akakifunga kipakatalishi. "Ni hii laptopu haina nguvu," alisema. "Nikipata ingine kubwa..."

Mama akachukua kikapu chake akaenda kuchuma kahawa. Kupitia dirishani, Mwaniki alimwona kati ya mibuni akijipangusa macho kwa ncha ya leso. Aibu ilimshika. Kana kwamba hilo halikutosha, Ijumaa asubuhi Kiunga alikuja kuchukua kipakatalishi chake, kwa kuwa alikihitaji kazini. Mwaniki akabaki mikono mitupu, au ndivyo alivyodhani.

"Na kale kadogo?" mama alinong'ona mlangoni. "Kale ka kulia kama nyenje?"

"Hakawezi, Mama. Kana sauti nne pekee."

"Na mimi nilikuwa na ngapi?"

Wakaketi jikoni. Mama alishika mwiko akagonga sufuria jinsi wimbo ulivyokwenda, naye Mwaniki akapanga noti, akisimamishwa kwa mkono kila alipokosea. Sauti ya kwanza ikawa ya mama, ya kuanzisha. Ya pili ikamfuata kwa chini. Ya tatu ikawa ya miguu ikikanyaga ardhi, na ya nne, iliyochakacha tu kama redio isiyoshika stesheni, ikawa kayamba. Sauti ya kuitikia haikubaki. Mwaniki alitafuta pa kuipachika, akakosa, akaacha nafasi tupu. Mama akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu apasuliwe. Kabla ng'ombe hawajakamuliwa jioni, wimbo ulikuwa tayari.

Jumamosi wageni waliimba nje ya lango mpaka vumbi likatimka. Ikawa zamu ya walio ndani kujibu. Wanawake walimtazama Wambeti, wengine wakainamisha macho kwa huruma. Yeye akainua mkono. Mwaniki akabonyeza kitufe, na spika iliyoazimwa kanisani ikatoa sauti nyembamba, kavu, ya kuchekesha. Baadhi walicheka kweli. Lakini Bibi Ciakuthii, mkongwe kuliko wote, alisimama ghafla.

"Nyamazeni! Hii si ni wimbo ya Wambeti?"

Maneno yake walikuwa nayo vichwani kwa miaka. Nafasi tupu ilipofika, wanawake wote waliijaza kwa sauti iliyowatimua kuku. Wambeti alitembea mbele yao akiwaongoza kwa mkono, midomo ikifuata kila neno, machozi yakimtiririka asiyajali. Wageni walihojiwa, wakataniwa, wakakosa majibu, wakaanza upya. Lango lilipofunguliwa walikuwa wamelowa jasho, na Lorna alikuwa shingoni mwa mama yake.

Baadaye, watu wakila, kiongozi wa waimbaji wa upande wa wageni, mwanamke aitwaye Karambu, aliomba aonyeshwe mashine iliyowatoa jasho. Akakigeuzageuza kijimashine kiganjani.

"Haka? Na ni ka watoto! Sasa kama ungekuwa na ile kubwa?"

"Nilikuwa nayo, mama," Mwaniki alijibu. "Nilichagua ngoma wiki mzima, na sikupiga hata moja."

Wambeti, aliyekuwa akimimina chai karibu nao, alisikia, akacheka kicheko chake kipya kisicho na sauti. Hakika, mchagua jembe si mkulima.